Mwongozo kamili: kutengeneza faili la kijiji cha zamani Uganda ili ofisini wasikurudishe tena

Naandika hii sababu kila nikikaa na watu wa vijiji vya zamani wimbo ni ule ule: tulipeleka ofisini karatasi za kuomba kijiji chetu kilindwe kama urithi, wakasema rudini mkarekebishe, tukarekebisha, wakaturudisha tena, sasa tufanyeje. Mwaka huu nimefunguliwa mafaili manne mezani kwangu na yote manne yana ugonjwa mmoja. Kurasa kumi na tano za historia, mfalme gani alipita hapo, nani alimzaa nani, alafu picha mbili za giza, na hakuna mahali popote pameandikwa kijiji kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Ofisa hawezi kulinda hadithi. Analinda ardhi, nyumba, mti, kisima, njia, na kile ambacho watu wa hapo wenyewe wamekubaliana. Kwa hiyo historia leo naiacha kabisa, mzee wenu ataisema vizuri kuliko mimi. Sisi tutengeneze faili. Ukienda bila haraka panga miezi miwili mitatu, na usianze msimu wa mvua kubwa, utajuta.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kaunta buku ya gamba gumu na penseli mbili. Nasema penseli sababu mvua ikikukamata biro inatiririka yote, penseli inabaki.
- Simu yenye kamera ya kueleweka na lokesheni inayofanya kazi, pamoja na pawabanki.
- Tepu ya mafundi ya mita 30. Ile ndogo ya mita 5 itakutesa.
- Fimbo nyoofu ya mita moja, ipake nyeusi na nyeupe kila sentimita 20. Kazi yake utaiona hatua ya 5.
- Karatasi za miraba, kamba, na vigingi vichache.
- Pedi ya wino kwa wanaoweka dole gumba.
- Flashi mbili. Moja ikae kwako, ya pili ikae nyumba nyingine, si kwenye begi lile lile.
- Pesa ya fotokopi, boda, chai na sukari ya mkutano. Hii watu wanaisahau alafu wanashangaa wazee wanaondoka katikati.

Na watu. Unahitaji mzee mmoja anayejua mipaka, mama mmoja anayejua kazi ya mikono ya hapo, kijana wa simu, na mtu wa kamati ya LC1, yaani baraza la kijiji. Ukienda peke yako hata ukifanya vizuri watasema ni faili lako, si la kijiji.

## Hatua ya 1: Amua unalinda nini hasa

Hapa ndo wengi wanaanguka kabla hata hawajatoka nyumbani. Wanaandika "tunataka kulinda kijiji chetu" na wanaishia hapo. Kijiji ni nini? Mabati mapya ya jirani nayo unayalinda?

Chukua mfano wa Kibiro, wilaya ya Hoima, kule chini kabisa ya ukuta wa bonde la ufa, pwani ya Ziwa Albert. Mgeni akishuka pale anaona vibanda vya nyasi na anapiga picha vibanda. Lakini Kibiro si vibanda, Kibiro ni chumvi, na chumvi ni kazi ya wanawake. Mama anatandaza udongo mkavu uliolegea juu ya ardhi yenye chumvi, jua linavuta unyevu wa chumvi unapanda kwenye ule udongo, anaukwangua, anautandaza tena, siku kadhaa anarudia hivo hivo mpaka udongo umeshiba. Alafu anautia kwenye chombo chenye matundu chini, anamwaga maji polepole, yanayodondoka ndo maji ya chumvi, hayo anayachemsha kibandani mpaka chumvi ibaki. Ule udongo uliochujwa hautupwi, unarudi shambani kufanya kazi tena. Kazi hii ina karne nyingi pale, waliochimba mambo ya kale wameithibitisha.

Sasa ukiwa unaandika faili la mahali kama pale, orodha yako itakuwa na nini? Mashamba ya chumvi yenyewe, mawe yanayotenganisha shamba la mama huyu na la yule, chemchemi ya maji moto, vibanda vya kuchemshia, njia ya kuni. Mtu akimwaga maramu juu ya yale mashamba chumvi imekwisha, hata kama vibanda vyote bado vimesimama na vinapendeza kwenye picha.

Au chukua kijiji cha watu wa olubugo, kitambaa cha gamba la mti, huko Buganda. Utengenezaji wa olubugo UNESCO waliutambua 2005 na 2008 ukaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Sawa, lakini kijijini kitu cha kuhesabu ni miti ya mutuba. Mti ukishabanduliwa gamba unafungwa majani ya migomba mpaka gamba lingine limee, na mti ule ule unavunwa tena. Mituba ikikatwa kuchoma mkaa, fundi atabaki na nyundo mkononi. Hesabu miti, andika kila mmoja uko kwa nani.

Kwa hiyo kaa na yule mama na yule mzee, jaza sentensi moja tu: "Hapa pakiondolewa ______, panabaki kijiji cha kawaida." Andika vitu visivyozidi saba. Ukifika ishirini hujachagua, umeorodhesha.

Utajua umefaulu pale vijana wawili tofauti, uliowauliza kila mmoja peke yake, wakikutajia karibu orodha hiyo hiyo.

## Hatua ya 2: Jua ardhi ni ya nani kabla hujataja neno urithi

Katiba yetu ya 1995 inatambua umiliki wa aina nne: wa kimila, frihodi (milki ya kudumu), mailo (ile ya hati ya kudumu, hasa Buganda) na lisi (ya kukodi kwa muda). Faili lako lazima liseme kila kitu ulichotaja hatua ya 1 kimekaa kwenye ardhi ya aina gani. Usiseme "ni ya mababu". Ofisini hiyo si aina.

Kama ni mailo, kumbuka mwenye kibanja, yaani anayekaa na kulima pale, na mwenye hati ni watu wawili. Nimeona kijiji kimekubaliana chote, sahihi zote zipo, alafu mwenye mailo anaishi Kampala na hakuna aliyempigia simu. Akisikia redioni tu, faili limekufa siku hiyo. Mpigie mapema, kwa heshima, mweleze hamchukui ardhi yake.

Kama ni ardhi ya kimila kuna njia mbili zinazosaidia. Mtu binafsi au familia wanaweza kuomba cheti cha umiliki wa kimila kupitia kamati ya ardhi ya gombolola, ngazi iliyo chini ya wilaya. Na kwa vitu vya wote, kama kisima, makaburi ya ukoo, malisho, Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu watu kuunda chama cha ardhi ya pamoja, chenye viongozi wasiopungua watatu na wasiozidi tisa, na angalau theluthi moja wawe wanawake. Hiyo theluthi si ya kupamba. Pale Kibiro uliona nani mwenye kazi.

Onyo: kesi ya ardhi ikiwa bado iko kortini kwenye kipande fulani, kipande hicho kiandike kama kilivyo, "kina mgogoro". Ukikificha kitatokea siku mbaya.

## Hatua ya 3: Mkutano kwanza, tepu baadaye

Hii nilijifunza vibaya. Kijiji chetu kiko juu ya escarpment, ule ukuta wa bonde la ufa, ukisimama kwenye ukingo unaliona ziwa lote na upande wa Kongo ukiwa hakuna ukungu. Tulianza kupima mapema asubuhi, mimi na vijana wawili, bila kumwambia mtu sababu tuliona ni kazi ndogo. Tepu haijafika hata mita kumi, mzee mmoja akatoka shambani kwake na panga mkononi, hakulinyanyua, alilishika tu, akasimama juu ya tepu yetu kwa mguu.

"Nyinyi watoto mnapima nini?"

"Shikamoo mzee. Tunapima mambo ya urithi."

"Urithi wa nani? Mimi nimekufa?"

Alikuwa na haki yake. Huku kwetu tangu habari za mafuta zianze, mtu mwenye tepu ni mtu wa kuhamisha wengine. Na neno urithi lenyewe kwa mzee ni mali ya marehemu inayogawanywa, sasa wewe unakuja kumgawia watu shamba yeye yuko hai. Tulikunja tepu, tukarudi nyumbani, na ilituchukua wiki tatu watu watuamini tena.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwombe cheyamani wa LC1 aitishe mkutano, tangazo liwe la wiki moja kabla, kanisani na msikitini litangazwe pia. Siku yenyewe usiseme "urithi" kwanza. Sema "vitu vyetu vya zamani ambavyo hatutaki vipotee", soma ile orodha ya saba, uliza nani anapinga. Waache wapinge kwa sauti! Kinachopingwa mkutanoni kinaweza kurekebishwa, kinachonung'unikwa njiani hakirekebishiki.

Andika waliohudhuria: jina, sahihi au dole gumba, tarehe. Andika pia waliopinga na walisema nini, watu wanaficha hii na ni kosa, sababu ofisa akikuta pingamizi limeandikwa na limejibiwa anaamini faili lote. Mwisho cheyamani apige muhuri kila ukurasa, si ule wa mwisho peke yake.

Mkutano umefaulu kama kuna wanawake na vijana kwenye orodha ya majina, na kama yule mzee wa panga wa kwenu amekubali kuwa ndo atakayewaonyesha mpaka. Wa kwetu alikubali. Alijua kila jiwe.

## Hatua ya 4: Tembea mpaka kwa miguu

Siku ya kutembea nenda na mzee, kijana wa simu na mtu wa LC. Mzee anatangulia. Msimamishe kila kona, mwambie aitaje kona kwa jina lake, alafu andika vitu vitatu: jina, alama iliyopo (mti, jiwe, kichuguu, kijito, au ile mimea ya mpaka, kule Buganda oluwaanyi), na namba za lokesheni.

Namba za lokesheni ndo zinazorudisha mafaili mengi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo hapa soma polepole.

Andika tarakimu tano baada ya nukta. Tarakimu tatu zinakupa doa la zaidi ya mita mia moja, hapo umeweka kaburi la jajja, babu yenu, kwa jirani. Tano zinakufikisha karibu mita moja, ingawa simu yenyewe kawaida inakosea mita kadhaa, kwa hiyo simama kwenye kona dakika moja au mbili bila kutikisika ukingoje itulie, na usisimame chini ya mti mnene.

Pili, sisi nchi yetu imekatwa na ikweta. Hoima iko kaskazini, Masaka iko kusini. Namba ya kwanza ya mahali pa kusini lazima iwe na alama ya kutoa mbele. Faili moja kati ya yale manne lilikuwa la upande wa Masaka na kijana alisahau hiyo alama ndogo, kijiji kizima kikaruka kaskazini kilomita zaidi ya 70 kikaanguka huko katikati ya Mubende na Mityana. Ofisa alifungua ramani akakuta mashamba ya watu wengine kabisa, akalifunga faili. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Ukirudi nyumbani weka namba zote kwenye ramani ya simu uone kama umbo linafunga. Ukiona kona moja imekimbia peke yake mbali, rudi kesho ukaipime tena.

Ongeza pia mstari wa pili nje ya mpaka, eneo la kupumua. Kama kuna kilima ambacho kila mtu akisimama kijijini anakiona, na machimbo ya mawe yakifunguliwa pale kijiji kimeharibika, hicho kilima kinaingia kwenye mstari wa pili. Hapo hamzuii watu kulima, mnaomba tu muulizwe kabla ya kujengwa kitu kikubwa.

## Hatua ya 5: Picha na vipimo

Kila kitu kwenye orodha kipige picha tano: mbele, nyuma, pande mbili, na moja ya karibu inayoonyesha kilivyotengenezwa. Ile fimbo ya nyeusi na nyeupe isimamishe kando ya kitu kwenye kila picha, ndo inamwambia mtu wa Kampala kwamba mlango una urefu gani. Watu wanaweka mtoto asimame kama kipimo. Mtoto anakua jamani.

Piga asubuhi au jioni jua likiwa nyuma yako. Mchana jua liko utosini na chini ya paa la nyasi panakuwa shimo jeusi.

Nyumba ipime kwa tepu, uchore kwenye karatasi ya miraba: urefu, upana, unene wa ukuta, milango iko wapi, moto unawashwa wapi, nani analala wapi kama si siri. Mchoro hauhitaji uzuri, unahitaji namba.

Sasa kosa kubwa la picha: usizitume kwa WhatsApp kama picha. Inazibana zinakuwa nyepesi na inafuta tarehe na lokesheni zilizofichwa ndani. Zitume kama dokumenti, au zihamishie kwenye flashi moja kwa moja. Kila picha ipe jina la kueleweka: kisima_mashariki_01. Ukiacha yale majina ya simu, baada ya mwezi hutajua kisima kipi ni kipi, nakuhakikishia.

## Hatua ya 6: Kuwarekodi wazee, na mambo ya kutorekodi

Weka simu hali ya ndege ili isilie katikati. Nusu saa inatosha kwa siku, mzee akichoka anaanza kukubali kila unachouliza. Usiulize "historia ya hapa ni nini", atakupa ile ya kanisani. Uliza vitu vya mkono: nyasi za paa mlikuwa mnakata wapi? Udongo wa ukuta mlichanganya na nini? Ukuta ukipasuka nani alikuwa anaitwa? Majibu ya hayo ndo utayatumia hatua ya 10.

Kuna mahali ambapo hapapigwi picha na hapatajwi. Kwenye makaburi ya wafalme na mahali pa kuabudia, mtunzaji wa pale ndo anayesema nini kiingie kwenye faili. Vua viatu ukiambiwa vua, kaa mkekani ukiambiwa kaa. Kwenye faili andika tu "mahali pa ibada, maelezo yako kwa mtunzaji", inatosha. Lokesheni kamili ya mahali pa siri usiiweke kwenye nakala ya kila mtu, wezi wa vitu vya kale nao wana simu.

## Hatua ya 7: Kupanga faili

Hii fupi. Ukurasa wa kwanza uwe na mambo manne tu: jina la kijiji pamoja na muluka (ngazi iliyo juu ya kijiji), gombolola na wilaya, ile orodha ya saba, ramani ndogo, na mnaomba nini. Ukurasa wa pili ramani kubwa na jedwali la kona. Alafu ardhi, alafu kumbukumbu za mkutano, alafu picha na michoro. Historia iwe mwisho, kurasa mbili, na ukizidi hapo umerudi kwenye ule ugonjwa wa mwanzo.

Kwenye "mnaomba nini" chagua neno lako. Kuingizwa kwenye orodha ya maeneo ya urithi ni kitu kimoja, kutangazwa rasmi kwenye gazeti la serikali ni kingine, na ya pili ndo yenye meno. Na tusidanganyane na majina makubwa: Kibiro imekaa kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 1997, orodha ya kungojea, na kungojea si ulinzi.

## Hatua ya 8: Kupeleka

Njia ni ngazi: barua ya LC1, ofisa maendeleo ya jamii wa gombolola, ofisi ya wilaya inayoshughulika na utalii na utamaduni, alafu Idara ya Makumbusho na Maeneo ya Kale chini ya wizara ya utalii, iko pale Uganda Museum, Kira Road, Kampala. Sheria ya sasa ni ya 2023, ilichukua nafasi ya ile ya 1967, kwa hiyo kama kuna mtu amewapa fomu au barua ya mfano inayotaja ya 1967 muulize ameitoa wapi. Kama mko kwenye ufalme, Buganda, Bunyoro, Toro na wengine, ofisi ya utamaduni ya ufalme nayo ipate nakala. Na kama mnafikiria makumbusho ndogo ya kijiji, CCFU, shirika la mambo ya utamaduni pale Kampala, wamefanya kazi na makumbusho za jamii kwa miaka, wapigieni.

Onyo langu la maumivu: usiache nakala halisi popote. Sisi faili letu la kwanza tuliliacha lote kwenye ofisi moja, sitaitaja, tukaambiwa rudini baada ya wiki mbili, tuliporudi dawati lilikuwa na mtu mpya na faili hakuna anayelijua. Sahihi za watu zaidi ya sitini. Wawili kati yao walikuwa wameshafariki.

Fanya nakala tatu. Peleka moja, na kwenye nakala yako ya kurudi nayo omba muhuri wa kupokea wenye tarehe na jina la aliyepokea. Akisema muhuri haupo leo, kunywa chai, rudi kesho. Bila muhuri hujapeleka kitu.

## Hatua ya 9: Wakati mnangoja, tungeni sheria ndogo

Majibu ya Kampala yanachukua muda, na matrekta hayangoji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inaruhusu baraza la gombolola, hata la kijiji, kutunga sheria ndogo, wengi tunaziita bailo, mradi zisipingane na Katiba wala sheria za nchi, na zinapelekwa juu kuthibitishwa. Mimi naona hii ndo hatua yenye faida kuliko zote na ndo ambayo hakuna anayeifanya, kila mtu anakimbilia Kampala.

Andikeni vipengele vichache vinavyotekelezeka. "Hakuna kukata mti ulioorodheshwa bila kibali cha kamati." "Njia ya kisima iwe wazi upana wa mita tatu." Msiandike "kila mtu aheshimu utamaduni", nani atapima heshima? Na msikataze mabati. Mtu anaugua kifua sababu ya paa linalovuja, wewe unamkataza bati ili watalii wafurahi? Kubalianeni nyumba zipi chache zibaki na nyasi, na kijiji kisaidie kuziezeka. Wengine wajenge.

## Hatua ya 10: Kutengeneza bila kuharibu

Ukuta wa udongo usiupake saruji. Najua inaonekana safi, lakini udongo unavuta maji kutoka chini na unataka kupumua, saruji inayafungia ndani, baada ya misimu kadhaa unasikia ukigonga panalia tupu, alafu saruji inaanguka na ukuta wake. Tumia udongo ule ule, mchanga kidogo, kinyesi cha ng'ombe na nyasi zilizokatwakatwa, na ujaribu kwanza kipande cha nusu mita nyuma ya nyumba. Kikikauka bila kupasuka, endelea. Kikipasuka ongeza mchanga au nyasi. Kabla ya hayo yote chimba mfereji maji ya mvua yaende mbali na msingi, nyumba nyingi zinazosemwa zimezeeka zimelowa tu.

Paa la nyasi liwe na mteremko mkali, maji yakimbie. Kata nyasi zikiwa zimekomaa na kavu, mbichi zinaoza.

Moto sasa. Tarehe 16 Machi 2010 usiku Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kubwa ya makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, Kampala, iliungua, na mahali pale palikuwa urithi wa dunia tangu 2001. Palitolewa kwenye orodha ya hatari mwaka 2023 tu, miaka 13. Ninyi hamtapata wafadhili wa kuwajengea upya. Kwa hiyo fyekeni nyasi kavu kuzunguka nyumba, wekeni mapipa ya maji na ndoo za mchanga, jiko lisogezwe mbali na ukingo wa paa, na waya za umeme au sola za kuunganisha kienyeji zisipite ndani ya nyasi.

Mwisho wekeni kigingi mahali kila picha ya mbele ilipopigwa. Kila miezi sita kijana asimame kwenye kigingi kile kile, fimbo ile ile, saa ile ile, apige tena, aandike tarehe. Kwenye picha zetu za mara ya tatu ndo tuliona ufa mpya kwenye nyumba ya kona, upana wa kidole, nyuma ya mti wa kahawa ambapo kila siku tulikuwa tunapita. Yule mzee wa panga alituambia tuite fundi kabla ya mvua za Machi. Picha ya ufa, ya kabla na ya baada, ipo kwenye faili, na muhuri wa kupokea tumeshaupata.